Jino ya Chadrac, sombe ya Mama, na hasira yenye sikujua ilitoka wapi

Wakuu, amani iwe kwenu wote. Leo sikukuja kubishana mpira. Naleta yangu mwenyewe, na yote nitaandika hapa yalinipata mimi, mwili na meno. Kwa kweli meno haikukuwa yangu, mutaona.

Kwanza, wale ndugu wa Dar na Mombasa wenye wananikosoaka Kiswahili kila nikiandika: mimi niko wa Kibabi, Masisi. Huku tunasema muntu, tunasema njo mahali pa ndiyo, juu mahali pa kwa sababu, iko mahali pa yuko, na tunaelewana muzuri mpaka ku kutukanana. Kalamu nyekundu muweke chini, musome.

Niko mwanafunzi wa mwaka wa sita, ile ya mwisho yenye inamalizikaka na Egzeta, mutihani ya serikali. Ukishinda, uko na diploma. Ukikosa, unarudi ku jembe, na wadogo zako wanakuita "monsieur finaliste" mpaka unazeeka.

Kwetu hakuna muntu amekwisha kupata hiyo diploma. Mama analimaka shamba yake asubuhi na shamba ya watu muchana, juu mimi nibaki mu darasa. Mukumbuke hiyo. Njo yenye ilikuwa karibu kupotea.

Mu darasa, mimi njo muchekeshaji. Sijisifu, ni kazi kama kazi ingine. Prof akigeukia tablo kuandika, mimi naongea. Akigeukia kwetu, mimi ni malaika. Prefe wetu, ule mukubwa wa masomo, namuigaka vile anatembea mikono nyuma, shingo mbele, kama muntu anatafuta kuku yenye ilipotea. Siku prefe amesafiri, watoto wa mwaka wa tano wanakuyaka ku dirisha kuangalia.

Lakini niko na kitu ingine, na hiyo haichekeshaka.

Nakasirikaka. Si hasira ya kununa. Ni kama mvua ya Walikale: haikupi mawingu, haikupi radi, unashtuka umeshalowa. Mimi nashtuka kitu imeshavunjika. Nilivunja viti, nilivunja sahani, nilivunja dirisha ya jirani. Wakiniuliza juu ya nini, sinaka jibu. Wananiuliza tena, kwa sauti kubwa zaidi, kama jibu iko mbali haikusikia.

Sasa siku ile.

Prefe aliingia mu darasa kutupatia mashauri ya Egzeta. Mimi nilikuwa nimeketi ku banki ya mbele, namuiga kwa sauti ndogo. Rafiki yangu Chadrac alikuwa banki ya nyuma yangu, akaogopa tutafukuzwa wote. Akapitisha mukono kutoka nyuma, akanifunga mudomo.

Muchezo tu. Muntu mwingine angecheka.

Mimi sikumbuki hata vile niligeuka. Nakumbuka Chadrac ameketi chini, damu ku shati nyeupe ya masomo, na jino yake ya mbele iko chini ya banki kama punje ya mahindi.

Prefe hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Alisema:

"Kijana, kila siku unaniigaka. Leo uige hii. Toka."

Mama akaitwa. Akasimama mbele ya meza ya prefe na udongo bado ku miguu, na prefe akatoa hukumu: sitarudi mu darasa mpaka yule mama wa ushauri wa ku kituo ya afya aje amuambie, na mudomo yake mwenyewe, kama mimi si hatari kwa wenzangu. Egzeta ilikuwa inakaribia. Prefe akasema wenzangu hawataningoja, na Egzeta pia haitaningoja.

Kabla ya hapo kulikuwa kazi ingine. Kwetu ukimuumiza mutoto wa watu, haumutumi muntu. Unaenda mwenyewe na muzazi, muchana, mu njia kubwa, munabeba kuku wazi wazi. Kila mwenye anaona kuku anajua umefanya ubaya. Wanauliza hata kama wanajua. "Kuku hiyo munapeleka wapi?" Mama anajibu. Mimi nyuma yake na beseni ya maharagi ku kichwa, na kilima ya kwa akina Chadrac, wakuu, haiishaka.

Papa ya Chadrac akapokea kuku, akaniangalia, akasema, "Mutoto wangu sasa akisema sabuni, inatoka filimbi."

Nilikuwa karibu kucheka. Mama akanikanyaga muguu.

Basi njo nikapelekwa kwa Mama Riziki.

Kwa wenye hawajui: huku iko watu wenye kazi yao ni kusikiliza wale wenye vita ilivuruga roho. Tunawaitaka APS, ni Kifaransa: assistant psychosocial. Mama Riziki ni huyo. Si muzee, si kijana, anavaa bote za mvua hata jua ikiwaka, na wakati ya kazi anakula muhindi ya kuchoma. Nilifikiri nitakuta muntu wa miwani.

Chumba yake iko nyuma ya kituo ya afya, ya mbao. Mbao zenyewe ziko na nafasi kati yake, unaweza kupitisha kidole. Na ku upande ingine wa mbao, njo pale wamama wanapanga mustari kupimisha watoto ku mizani.

Mufikiri hapo kidogo. Nimeambiwa nifungue roho yangu, siri, hapa hakuna mwenye atasikia. Na ku upande ya pili iko mama naona jicho yake.

Siku ya kwanza nikamupa hadithi ya pipa.

Lazima nieleze. Huku kwetu wageni wanapitaka sana, wanauliza maswali, na nyuma ya maswali kunaweza kuya sabuni, beseni, hata bashi ya kufunika nyumba. Kwa hiyo watu wako na hadithi ya wageni. Si uongo kabisa. Ilimupata muntu fulani, mahali fulani. Inapita kutoka mudomo moja kwenda ingine kama nguo ya arusi, kila moja anaikata ku kipimo yake.

Ile ya pipa ni tamu. Mutoto alifichwa ndani ya pipa ya kasiksi, pombe ya ndizi, akasikia yote yenye ilifanyika inje, akatoka amelewa na harufu na akiwa yatima. Inalizaka mpaka madereva. Nikaitoa muzuri. Nikanyamaza mahali pa kunyamaza. Nikaangalia chini mahali pa kuangalia chini.

Mama Riziki akamaliza mustari ya muhindi, akasema:

"Hiyo pipa. Wewe njo mutoto wa nne analala ndani. Mulibanana sana."

Ku upande ingine ya mbao, mama moja akacheka mpaka mutoto wake akashtuka.

"Utarudi siku ya soko," Mama Riziki akasema. "Na yako."

"Mimi sina yangu."

"Basi utarudi na hiyo sina."

Nikarudi nyumbani nimechoka naye tayari. Lakini nataka munielewe, haikukuwa kiburi. Niliamini kabisa sina.

Muangalie. Jirani yetu alikimbia na familia, akafika peke yake. Mwalimu wetu wa zamani hajulikani iko wapi mpaka leo. Sisi tulikimbia Walikale na tulifika Masisi wote: Mama, mimi, dada yangu mudogo. Papa alikuwa ku kazi ya machimbo, akatufuata nyuma, akarudi tena huko kwa kazi, na anatupigiaka simu akipata rezo. Hakuna mwenye alikufa. Nikiwa mudogo nikifungua mudomo kusema kitu ya siku ile, mukubwa moja ananikata: "Shukuru Mungu, wengine hawakufika."

Sasa ukishashukuru Mungu, unaongeza nini? Nikaacha kuongea hiyo. Nikaongea zingine zote.

Mikutano yenye ilifuata, wakuu, ilikuwa mateso. Chora muti yenye inakufanana. Nikachora mbuzi. Panga mawe kwa siku mbaya na maua kwa siku nzuri. Nikapanga, jogoo ya muganga wa kituo ikaingia ikala maua. Nusa kama unanusa kahawa ya moto, halafu puliza ipoe. Nikanusa, nikapuliza, nikamuuliza sukari iko wapi.

Mama wa ku mustari akajibu kupitia mbao: "Kaka, fanya yenye anakuambia, utuachie nafasi."

Na hiyo wakati yote wenzangu wako mu darasa, wanamaliza programu. Nilikuwa napita ku masomo nasikia prof anaeleza kitu ya Egzeta, mimi naenda kunusa kahawa yenye haiko.

Halafu ikakuja ile siku.

Mama Riziki alikuwa amechoka, simu yake inalia kila mara, watu wengi wapya walikuwa wamefika Kibabi na mikeka yao. Akasema tufanye haraka. "Fumba macho. Funga mudomo. Pumua na pua tu, polepole, mpaka nikuambie."

Nikafumba. Nikafunga.

Sijui ilikuwa nini. Koo ikajibana. Nikaona kama chumba iko ndogo, tena ndogo. Halafu meza imepinduka, muhindi imeruka imeenda ku kona, kiti iko ku mulango, na mimi niko inje, napita kati ya wamama na watoto wao, nakimbia.

Nilisikia moja anauliza mwenzake, "Huyu njo mwenye anapona?"

Nilijua imekwisha. Meza ya serikali. Prefe atasikia kabla sijafika nyumbani, juu huku habari haingojaka muguu.

Nikafika. Mama alikuwa mu uwanja, anatwanga sombe.

Hapa lazima niingize kitu, munisamehe.

Mimi sikulaka sombe. Najua. Mukongomani asiyekula majani ya muhogo ni kama Muhindi asiyekula pilipili, nimeambiwa yote. Huku Kibabi juu ni viazi na maharagi, sombe haiko sana, wanaileta wamama wenye wanapanda kutoka chini. Mama ni wa Walikale, akiikosa anaugua. Akiipata, anatembea nayo kama amebeba mutoto. Na mimi ile harufu yake ikiwa mbichi, mu kinu, inanifungaka koo. Ile sahani nilivunja, ilikuwa ya sombe.

Na Mama hakunipiga juu ya ile sahani. Aliokota vipande, akanichemshia viazi. Tangu hapo akipika sombe ananipikiaka viazi pembeni. Majirani wanamuambia, mutoto huyu umemuharibu.

Kitu ingine ya Mama: haniambiaka nyamaza. Mu maisha yangu yote. Katekisti alimuambia mutoto wako anaongea mu misa. Akajibu, "Mumuache." Mimi nilifikiri ananipenda tu juu niko muchekeshaji muzuri.

Jioni ile Chadrac akapanda kwetu. Pengo mbele, wazi kama mulango ya kanisa. Nilifikiri amekuja na kaka zake.

"Rudi kwa yule mama," akasema.

"Umesikia ya meza?"

"Kila muntu amesikia ya meza. Rudi. Mimi siwezi kufanya Egzeta mu darasa yenye watu wote wako sérieux, hakuna wa kucheka. Nitakufa."

Akasema sérieux, ikatoka filimbi. Tukaangaliana. Akasema, "Usithubutu." Nikacheka mpaka nikakaa chini, na yeye naye.

Subuhi yake nikarudi.

Mama Riziki alikuwa ametoa meza mu chumba. Kulibaki viti mbili na yeye.

"Meza nimeiondoa," akasema. "Sasa uko na mimi tu wa kupindua."

Sikucheka. Akaendelea:

"Mimi njo nilikosea. Prefe aliniambia kabisa, huyu mutoto alipiga mwenzake juu alimufunga mudomo. Na mimi nikakuambia funga mudomo. Nilikuwa na haraka. Unisamehe."

Wakuu, mu maisha yangu hakuna mukubwa alikuwa ameniomba samahani. Hakuna. Hata yule wa dukani mwenye aliniitaka mwizi na redio yake ilikuwa chini ya kitanda yake. Nilitafuta kitu ya kuchekesha, nikakosa.

"Zaidi ya Chadrac," akauliza, "nani mwengine alikufungaka mudomo?"

"Hakuna."

Hakukula muhindi.

"Mama," nikasema.

Ilitoka yenyewe. Mimi nilikuwa bado nafikiri hakuna.

Sitaandika yote. Nitaandika yenye naweza.

Ilikuwa muchana, Walikale, nyumba yetu karibu na pori. Nilikuwa bado sijaanza masomo. Mama anatwanga sombe inje, mimi namuongelesha, nilikuwa naongea tangu zamani. Risasi zikalia ku upande ya njia. Mama akaacha kinu, akamufunga dada ku kifua, akanishika mukono, tukaingia mu shamba ya muhogo, tukalala chini.

Mimi nilifikiri tunacheza kujificha. Nilikuwa nacheka.

Watu wakapita karibu. Niliona bote. Nikataka kumuonyesha Mama, nikaanza kusema.

Mukono yake ikakuja. Yote, mudomo na pua. Ilikuwa na sombe mbichi mpaka ku kucha. Nilitaka kumuambia kama sipumui, na kitu moja tu yenye nilikuwa nayo ya kumuambia ilikuwa chini ya ule mukono. Nikamuuma. Hakuachilia. Nikamuuma tena. Halafu sijui.

Nikaamuka niko ku mugongo yake, mvua inanyesha, tuko mbali. Hakuna mwenye alisema kitu. Siku hiyo, na siku zingine zote.

"Njo hiyo tu," nikamuambia Mama Riziki. "Hakuna mwenye alikufa."

"Wewe ulijua utakufa?"

"Ndiyo."

"Basi, hiyo njo yako. Si ya pipa."

Ku upande ingine ya mbao mutoto moja alianza kulia, nikasikia mama yake anamuambia polepole, "Lia, papa yangu mudogo. Lia tu."

(Mega ya internet imeniishia hapo, nimepata zingine leo. Naona muntu ameandika hapo chini "chai". Kaka, kunywa. Mwingine ameuliza kama nilipona palepale. Njo nataka kujibu.)

Hapana. Sikupona palepale. Hiyo njo inaniudhi ku hadithi za watu: muntu anasema siri yake, analia kidogo, kesho yake anaimba mu kwaya. Mimi nilitoka mule nimekasirika zaidi, na sasa hasira ilikuwa na jina ya muntu. Mama.

Nikakataa chakula ya mukono wake. Si sombe tu, yote. Niliishi na maparachichi ya jirani na ndizi ya Chadrac. Mama akiweka sahani, natoka. Hakuuliza. Nilitaka aulize, na hakuuliza, na hiyo ikaniongezea.

Mama Riziki akasema, "Mulete."

"Hatakuya. Iko na shamba."

Alikuya. Alitoka moja kwa moja ku soko, akaingia na kikapo yake, na mu kikapo ilikuwa nini? Sombe. Fungu nzima. Nilitaka kutoka. Mama Riziki akaweka kikapo inje, mama moja wa mustari akaikamata akasema ataichunga.

Nikasema yangu mara ya pili, naangalia ukuta. Nikamaliza. Mama alikuwa anaangalia mukono wake. Chini ya kidole gumba iko alama, kama mwezi mudogo. Aliniambiaka ni jembe.

"Si jembe," akasema.

"Najua sasa."

"Hujui." Akaanza kusuguasugua ile alama. "Ulilegea. Wale watu walipopita niliondoa mukono, ulikuwa umelegea kama nguo ya kufua. Nikajua nimekuua. Nikakufunga ku mugongo. Sikukuangalia, juu nikikuangalia, nitakaa pale chini, na dada yako iko ku kifua. Nikatembea. Nilitembea nikijua nabeba maiti ya mutoto wangu, nafikiria wapi nitapata jembe. Tukapanda, mvua ikaanza, njo nikasikia ku sikio yangu: Mama, niko na njaa."

Akafunika ile alama na mukono mwingine.

"Nikakosa nguvu ya kukujibu. Nikaogopa nikiongea nitaamuka, nitakuta ni ndoto. Kisha siku zikapita, nikaona kama umesahau. Nikasema, mumuache asahau."

Mama Riziki hakumuambia shukuru Mungu. Namuheshimu kwa hiyo.

"Tangu siku ile," Mama akasema, sasa alikuwa ananiangalia, "nikisikia unapiga kelele, mimi nalala muzuri. Prefe ananiitaka, ananiambia mutoto wako iko na mudomo sana. Nafanya uso ya haya. Lakini mu roho nasema, ndiyo, iko nayo."

Nilitaka kusema kitu. Mimi, muchekeshaji. Mudomo wazi, hakuna mwenye ameifunga. Na tangu siku kadhaa nilikuwa naishi na maparachichi. Yenye ilitoka ni hii:

"Mama, niko na njaa."

Sikuipanga. Nilikuwa na njaa kweli. Mama akaanza kucheka, kicheko ikageuka ingine, akajifunika na kitenge. Na mimi pia, lakini mimi ilikuwa moshi, wale wa jikoni ya kituo walikuwa wanapika.

Kupitia mbao: "Mumupatie mutoto chakula, jamani, munangoja nini?"

Chumba gani hii.

Baada ya hapo njo kazi yenyewe ilianza, na hiyo haina utamu ya kuandika. Kila siku ya soko. Kujifunza kuona hasira ikiwa bado ku koo, kabla haijafika ku mikono. Ikibana, natoka inje, nakunywa maji, nasema kwa sauti vitu yenye naona: mbuzi, nyasi, bote ya muganga, mulima. Watu wanapita wananisikia naongea peke yangu. Wameshazoea, walisema tangu zamani nilikuwa vile. Na si kama hasira imeenda. Kati yake nilivunja ndoo. Lakini ile ya ndoo niliiona ikikuja, na nilichagua ndoo. Mama Riziki alisema hiyo ni maendeleo. Mwenye ndoo hakusema hivyo.

Siku Mama Riziki alienda kumuona prefe, mimi nilikuwa ku mulango.

"Amepona?" prefe akauliza.

"Hapana. Lakini sasa anajua ni nini, na anajua kutoka inje."

"Itatosha kwa Egzeta?"

"Egzeta haifungaka muntu mudomo, papa prefe. Mumuweke banki ya mwisho, mugongo ku ukuta, muntu asimupitie nyuma."

Prefe akafikiri, mikono nyuma, shingo mbele. Nikaangalia juu ku mabati kwa nguvu yangu yote. Akasema niingie.

Niliomba mwenyewe kueleza wenzangu. Sikueleza yote. Nilisema tu: ukinigusa kutoka nyuma, sijui kama ni wewe, kwa hiyo sema kwanza. Ni aibu, kusema kitu bila kuchekesha.

Chadrac, bila kuinua kichwa: "Tuseme nini? Hodi?"

Na filimbi yake.

Tangu siku hiyo, wakuu, sina amani. Mu darasa nzima, muntu akipita hata mita tano kutoka banki yangu: hodi. Wasichana wakienda kutupa takataka: hodi. Watoto wa mwaka wa tano wanakuya ku dirisha, hawaangalii tena maigizo, wanasema hodi wanakimbia. Juzi prefe alipita kukagua, akafika karibu na ukuta yangu, akasimama, akakohoa, akasema polepole, "Hodi."

Najibu karibu. Nifanye nini? Nimechoka, lakini najibu. Na tangu nirudi hakuna jino imeanguka.

Egzeta bado. Chadrac ananisomesha yenye nilikosa, namulipa kwa kumuiga prof wa fizike.

Sombe sikulaka mpaka leo, musinilazimishe. Lakini Mama akiipata ku soko, mimi njo natwanga sasa. Harufu ni ile ile. Koo inajaribu kubana, naendelea kutwanga. Tofauti ni hii: sasa iko ku mikono yangu. Mama anakaa pembeni, anatengeneza viazi yangu, na mimi naongea, naongea, majirani wanafunga madirisha.

Yenye nilijifunza, nitaandika kidogo juu mega inaisha tena.

Usipime yako ku mizani ya jirani. Yake inaweza kuwa munene kuliko yako, na yako bado ikakuvunjia sahani. Na wewe mukubwa, mutoto akianza kukuambia kitu, ile "shukuru Mungu" iweke mu mufuko kwanza. Atashukuru mwenyewe akimaliza kuongea. Na kama karibu na kwenu iko muntu wa kusikiliza kama Mama Riziki, nenda, hata kama mbao ziko na matundu. Utakasirika naye sana. Mimi bado nakasirikaka naye.

Sasa wenye wako na yao, ndogo ao kubwa, waandike hapo chini, nitasoma zote nikipata rezo. Wa kukosoa Kiswahili pia wakuje, nimewazoea. Lakini musinipitie nyuma. Semeni hodi kwanza.